MIKONO YA MUSA ILIPOCHOKA
Kwa nini mwenye kipawa huanguka wakati wa nguvu zake?



Tumepokea barua kutoka kwa kijana mmoja wa jamaa zetu anayeishi Marekani, katika jimbo la Iowa, ambako jamaa nyingi za Wakongo zimehamia. Kijana huyo alizaliwa huku Kivu lakini amekulia kule, na amejifunza kupenda mpira wa Wamarekani, ule unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Anatuuliza hivi: kwa nini mchezaji aliyepewa kipawa kikubwa, akiwa bado kijana mwenye nguvu, hung'aa mwaka mmoja, na mwaka unaofuata akawa kama mtu mwingine? Anasema kwamba rafiki zake wa shule hujibu neno moja tu, "Amekwisha." Bibi yake, ambaye anakaa naye nyumba moja, hujibu kwamba hapo pana mkono wa mtu. Kijana hajui amwamini nani.

Tulipoisoma barua hiyo mbele ya wenzetu, wengine walicheka, wakasema kwamba gazeti la Kanisa si mahali pa mpira. Lakini tulipokaa na kufikiri, tuliona kwamba swali hili halikomei uwanjani. Nani kati yetu hajamwona mwanafunzi wa kwanza wa darasa akianguka mtihani wa Serikali? Nani hajamwona mwimbaji ambaye sauti yake iliwatoa watu machozi, na baada ya mwaka mmoja akawa anaimba kama mtu aliyelazimishwa? Na nani hajasikia yale yanayosemwa nyuma ya mgongo wake? Kwa hiyo tumeona vema kulijibu swali hili, kwa faida ya kijana na kwa faida yetu sisi wenyewe.

1. KWANZA TUUELEWE MCHEZO

Katika mpira wa Wamarekani kila ekipe ina watu 11 uwanjani. Kati yao yuko mmoja ambaye wanamwita kwotabeki. Karibu kila shambulio linaanzia mikononi mwake. Anapokea mpira, anatazama mbele, anachagua mwenzake wa kumrushia, na anarusha. Muda alio nao ni kama sekunde mbili au tatu tu. Mbele yake wamesimama watu watano wakubwa kama ukuta, wengi wao wakiwa na uzito wa zaidi ya kilo 130, na kazi yao ni kuwazuia maadui wasimfikie. Ukuta ukivunjika, kwotabeki anaangushwa chini kwa nguvu kabla hajarusha.

Tena mara nyingi anapaswa kuurusha mpira kabla mwenzake hajageuka kuutazama. Wamepatana tangu mazoezi kwamba utakimbia hatua kadhaa, utageuka, na mpira utaukuta umefika. Yeye anarusha mahali patupu kwa kuamini kwamba mwenzake atakuwepo. Naye mwalimu wa ekipe humtumia maagizo kwa radio ndogo iliyomo ndani ya kofia yake ngumu, desturi iliyoanza katika ligi yao kubwa mwaka 1994.

Hebu tutazame basi. Mtu huyu anategemea ukuta wa wenzake, miguu ya wale wanaokimbia, na maneno ya mwalimu. Lakini ekipe ikishinda jina linalotajwa ni lake, na ikishindwa jina linalotajwa ni lake pia. Hapo ndipo shida inapoanzia.

2. JIBU LA HARAKA NA HATARI YAKE

Sisi Wakongo tunalijua jambo hili, hata kama mpira wetu ni mwingine. Mwezi wa tatu mwaka 1974, Leopards wa Zaire walichukua Kombe la Afrika huko Misri. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano hayo, na katika fainali mbili dhidi ya Zambia, ile ya sare ya 2-2 na ile ya marudio ya 2-0, magoli yote manne ya Zaire yalikuwa yake. Miezi mitatu tu ikapita. Mwezi wa sita, ekipe hiyo hiyo ilikwenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara. Ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, na 3-0 na Brazil.

Je, kipawa cha watu wale kilikufa kwa miezi mitatu? Miguu ni ile ile, vichwa ni vile vile. Watu wengi walicheka, na hata leo wako wanaocheka. Lakini wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba kabla ya mchezo wa Yugoslavia walifikiri hata kukataa kucheza. Waliingia uwanjani mioyo yao ikiwa imekwisha kuvunjika nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna kamera.

Tena katika mchezo huo wa 9-0 lilitokea jambo ambalo tunaomba mlishike vizuri, kwa maana tutalirudia. Mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga teke mwamuzi kwa hasira. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, lakini akampa mtu mwingine. Akamfukuza Ndaye Mulamba, ambaye hakutenda kosa lile. Mfungaji bora wa Afrika alitoka uwanjani kwa ajili ya mguu usiokuwa wake.

Ndugu wapendwa, hivyo ndivyo jibu la haraka linavyofanya kazi. Pigo limetokea, uchungu ni wa kweli, na lazima apatikane wa kuadhibiwa. Wa kwanza kuonekana ndiye anayepewa kadi.

3. SABABU ZINAZOONEKANA TUKITAZAMA KWA SUBIRA

Tumejaribu kuchunguza habari za makwotabeki kadhaa wanaojulikana, tukaona kwamba mahali ambapo watu husema "amekwisha", mara nyingi kuna sababu ambazo mtu mwenye subira anaweza kuziona. Tunazitaja tano.

Ya kwanza ni mwili. Robert Griffin alianza kuchezea ekipe ya Washington mwaka 2012, na kwa msimu huo akatangazwa mshambuliaji bora kati ya wachezaji wapya wa ligi nzima. Mwezi wa 12 aliumia goti la kulia. Akarudi kucheza. Tarehe 6 mwezi wa kwanza 2013, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Seattle, goti lile lile likamwangusha, akapasuliwa. Tangu siku hiyo hakurudia tena kuwa yule wa 2012. Watu wanaomtazama wanaona mrushaji aliyepungua, hawaoni goti. Mkulima aliyevunjika mkono akivuna kidogo, hatusemi kwamba amesahau kulima.

Ya pili ni ukuta. Kwotabeki aliyezoea kuangushwa huanza kurusha mapema kuliko inavyotakiwa, hata siku ambayo hakuna adui karibu. Macho yake yanaacha kutazama mbele kwa wenzake, yanatazama miguu ya wanaomjia. Watu huita hilo woga. Lakini hata mbuzi aliyepigwa kila siku akipita mlango fulani hujifunza kuuogopa mlango huo, na kosa haliko kwa mbuzi.

Ya tatu ni mwalimu. Alex Smith alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2005, akachukuliwa na ekipe ya San Francisco akiwa bado hajafikisha miaka 21. Katika misimu yake minne ya kwanza alibadilishiwa mwalimu wa mashambulizi kila mwaka, wanne kwa miaka minne, na kila mmoja alikuja na lugha yake. Mwaka wa kwanza alirusha pasi moja tu ya kufunga, na pasi 11 zilinaswa na maadui. Kisha akaumia bega. Watu walimzomea, wakasema uchaguzi ule ulikuwa makosa. Mwaka 2011 akaja mwalimu mpya, Jim Harbaugh, aliyekuwa kwotabeki yeye mwenyewe zamani. Alimwamini Smith na kumpangia kazi inayolingana na nguvu zake. Mwaka huo ekipe ilishinda michezo 13 kati ya 16, na pasi za Smith zilizonaswa zilikuwa 5 tu kwa msimu mzima. Mtu ni yule yule. Je, kipawa kilitoka wapi? Kilikuwepo. Kilikosa mahali pa kusimama.

Ya nne ni adui. Mwaka wa kwanza wa mchezaji mwenye kipawa, maadui hawamjui. Lakini walimu wa upande wa pili hutazama picha za video za kila mchezo wake, mara kumi, mara ishirini, mpaka wajue mguu anaoutanguliza kabla ya kurusha. Mwaka wa pili anakuta milango yote aliyopita imefungwa. Huyu hakurudi nyuma. Wengine ndio waliosogea mbele, na yeye anapaswa kujifunza upya.

Ya tano ni uchache wa michezo. Msimu mzima wa ligi yao una michezo 17 tu tangu mwaka 2021, na kabla ya hapo ilikuwa 16. Na mpira wao si wa duara. Umechongoka pande mbili, ukigonga chini hujui utarukia wapi. Katika michezo michache hivyo, mipira mitatu ikirukia kwako unaitwa shujaa, mitatu ikirukia kwa adui unaitwa mzigo. Mkulima mwenye hekima hapimi shamba kwa mavuno ya mwaka mmoja. Pengine ule mwaka wa utukufu ulizidi kipimo cha mtu, na mwaka wa aibu ulipungua chini ya kipimo chake, na yeye mwenyewe yuko katikati, akifanya kazi.

4. SEHEMU YA MTU MWENYEWE

Msije mkadhani kwamba tunataka kumwondolea mtu mzigo wake wote. Hapana. Samsoni alikuwa na kipawa kuliko wote wa kizazi chake, na alianguka akiwa katika nguvu zake, kwa sababu alicheza na siri aliyokabidhiwa. Hakuna Haruni wala Huri ambaye angemsaidia, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelaza kichwa mapajani mwa Delila. Wako wachezaji ambao sifa ziliwalevya, wakaacha mazoezi, wakapenda meza za usiku kuliko uwanja wa asubuhi. Hao tusiwaite wagonjwa. Kipawa ni mbegu, na mbegu iliyowekwa kabatini haiwezi kumlaumu mvua.

Lakini sehemu ya mtu mwenyewe haiishii kwenye bidii. Iko sehemu nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kusema ukweli juu ya udhaifu wake. Andrew Luck alichaguliwa wa kwanza mwaka 2012, akawa tegemeo la ekipe ya Indianapolis. Aliumia bega, akaumia mbavu, figo ikachanika, na mwaka 2017 wote hakucheza. Mwaka 2018 alirudi kwa uzuri sana, akapewa heshima ya mchezaji aliyerudi vizuri kuliko wote. Kisha mguu ukaanza. Tarehe 24 mwezi wa nane 2019, akiwa na miaka 29, alitangaza kwamba anaacha, maana amechoshwa na mzunguko wa kuumia, kupata maumivu na kutibiwa, na mzunguko huo umemwondolea furaha ya mchezo. Habari ilikuwa imevuja kabla hajaitangaza mwenyewe, na alipokuwa akitoka uwanjani, baadhi ya mashabiki wa ekipe yake mwenyewe walimzomea.

Tunauliza: siku ile, nani aliyeanguka? Yule aliyesema ukweli mbele ya watu, au wale waliokula matunda ya mwili wake kwa miaka saba, kisha wakamzomea mwili ulipokataa?

5. MAANDIKO YANATUONYESHA NINI?

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Yohana sura ya 9, swali lao la kwanza lilikuwa la kutafuta mwenye dhambi, kama ni yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakuchagua kati ya majibu mawili waliyompa. Alimgeukia mtu na kumtendea kazi.

Eliya naye alikuwa katika kilele cha huduma yake. Moto ulishuka juu ya mlima Karmeli mbele ya watu wote. Muda mfupi baadaye tunamkuta jangwani chini ya mti, akiomba afe. Angekuwa kwotabeki, magazeti yangeandika kwamba amekwisha. Je, Mungu alianza kwa kumkaripia? Alimwachia alale. Kisha malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akaletewa tena. Maneno na maswali yalikuja baadaye, huko Horebu. Kabla ya mahubiri kulikuwa na chakula.

Lakini mfano unaokaribia kabisa swali la kijana wetu uko katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17. Israeli wanapigana na Amaleki huko Refidimu. Musa amesimama juu ya kilima, na mikono yake ikiinuliwa Israeli wanashinda, ikishuka Amaleki wanashinda. Hebu mtu aliyesimama mbali atazame vita hiyo bila kuona kilima. Atasema kwamba jeshi la Yoshua halieleweki: asubuhi lina nguvu, adhuhuri ni dhaifu, alasiri lina nguvu tena. Atatafuta kosa kwa Yoshua, na Yoshua hana kosa. Na hata Musa hana dhambi yoyote. Mikono yake imechoka tu, kama mikono ya binadamu yeyote.

Na Haruni na Huri walifanya nini? Hawakumwuliza Musa amekosa nini. Hawakutafuta mtu mwingine wa kuchukua fimbo. Walileta jiwe akakaa juu yake, wakasimama mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakaishika mikono yake mpaka jua lilipotua. Karama ilikuwa ya Musa peke yake, lakini ushindi ulihitaji mikono sita.

6. JAMBO LILILOTOKEA KWETU

Tusiseme tu habari za Marekani na za Biblia, tukajificha. Katika parokia yetu moja kulikuwa na kijana mpiga fluti katika fanfari. Alipopiga, hata wapita njia walisimama nje ya uzio. Kwa miaka miwili alikuwa furaha yetu. Mwaka wa tatu akaanza kukosa noti, akaanza kuchelewa mazoezi, na siku moja ya sikukuu alisinzia akiwa amesimama katika mstari mbele ya wageni. Tuliona aibu.

Minong'ono ikaanza. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake, mama mjane asiyekuwa na mtoto. Mmoja akasema kwamba mama yule hapendi sifa za kijana. Wa pili akaongeza ndoto aliyoota. Wa tatu akaleta habari ya chakula alichopewa. Baada ya wiki chache, wamama waliacha kukaa kwenye benchi moja naye. Tunapaswa kukiri: sisi tunaoandika kurasa hizi tulikuwepo. Hatukusema neno la uongo juu yake, lakini hatukusimama kukataa. Kunyamaza kwetu kulikuwa sahihi chini ya barua ya wengine.

Ni mzee mmoja tu wa fanfari aliyefanya jambo rahisi. Alimfuata kijana nyumbani jioni, akamkuta anatoka. Akamwuliza anakwenda wapi. Kijana alikuwa anakwenda kulinda depo ya mtu mpaka asubuhi. Shangazi alikuwa mgonjwa, dawa zinahitaji fedha, na kwa miezi minane alikuwa akifanya zamu ya usiku, kisha anakuja mazoezi bila kulala. Hakutuambia kwa sababu aliona haya. Na sisi hatukuuliza kwa sababu tulikwisha kuwa na jibu.

Tazameni sasa uovu wa jambo hili. Yule mama tuliyemwogopa kwamba anamla kijana, ndiye ambaye kijana alikuwa anapoteza usingizi ili aishi. Na yeye alikuwa anampikia uji kwa mikono inayotetemeka, ili apate nguvu ya kuja kutupigia fluti. Tulitoa kadi nyekundu kwa mtu asiyekosa, kama mwamuzi wa mwaka 1974.

Parokia ilimwendea mama huyo na kumwomba msamaha. Alisamehe kwa mdomo, na tunaamini kwa moyo pia. Lakini alihamia kwa ndugu zake mji mwingine, na benchi lake bado tunaliona. Kijana alitafutiwa kazi ya mchana, na fluti yake ilirudi. Haikurudi kama zamani kabisa. Ilirudi vya kutosha. Yeye mwenyewe ndiye anayefundisha watoto leo.

Kanisa letu limekataa uchawi tangu mwanzo, na tunalisema hilo kwa fahari. Lakini kuukataa uchawi ni pamoja na kukataa kuukuta kila mahali. Mtu anayetupa fetishi zake motoni, kisha anamwita mjane mchawi kwa sababu noti tatu zimepotea, huyo fetishi yake bado iko mdomoni.

7. MTU HAPIMWI KWA MSIMU MMOJA

Wengine watauliza: je, kama mikono haipatikani? Kama Haruni hakuja na Huri hakuja?

Tunakumbuka Papa Simon Kimbangu. Kazi yake ya wazi ilianza tarehe 6 mwezi wa nne 1921 huko Nkamba, na mwezi wa tisa mwaka huo huo alikuwa amekwisha kukamatwa. Ni miezi michache tu. Alichukuliwa mbali na watu wake, akafungwa gerezani Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, na akakaa katika kifungo miaka 30 mpaka alipoaga tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Machoni pa waliomhukumu, habari yake ilikuwa imekwisha. Nao walikuwa na sababu zote za kibinadamu za kufikiri hivyo: mtu wa miezi michache, akiwa katika nguvu zake, ameondolewa na haonekani tena. Lakini Mama Marie Mwilu na waumini wa siri walishika mikono ile wasiyoiona. Jueni basi kwamba hata anayeonekana ameanguka anaweza kuwa anashikwa na mikono isiyo mbele ya macho yetu.

Hatumlinganishi mchezaji wa mpira na Papa Simon. Mtu asitusome vibaya. Tunasema tu kwamba macho yanayohesabu msimu mmoja ni macho mafupi, iwe uwanjani au gerezani.

8. KWA KIJANA WETU

Mwanetu, huko Iowa unakokaa ndiko alikotokea mtu mmoja ambaye bila shaka umesikia jina lake, Kurt Warner. Mwaka 1994 ekipe ya Green Bay ilimwacha, akarudi kupanga bidhaa usiku katika duka moja la mji wa Cedar Falls. Mwaka 1999, akiwa na miaka 28, alirusha pasi 41 za kufunga, akatangazwa mchezaji bora wa ligi, na tarehe 30 mwezi wa kwanza 2000 ekipe yake ya St. Louis ikachukua ubingwa. Mwaka 2001 akawa bora tena. Na mwaka 2002? Michezo sita aliyoanza, alishindwa yote sita, na kidole cha mkono wake wa kurushia kilivunjika. Mwaka 2004 akaachwa. Watu wakasema neno lile lile la rafiki zako. Lakini tarehe 1 mwezi wa pili 2009, akiwa na miaka 37, aliiongoza ekipe ya Arizona katika fainali ya kwanza ya Super Bowl katika historia yake. Alishindwa fainali hiyo, ndiyo, kwa 27-23. Kisha mwaka 2017 akaingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wakubwa.

Kwa hiyo rafiki zako wakisema "amekwisha", waulize: umeliona goti lake? Umeuona ukuta wake? Mwalimu wake ni wa ngapi?

Na bibi yako umheshimu. Usimcheke wala usibishane naye mbele ya wageni. Anatoka mahali ambapo mambo mengi yaliumiza watu bila maelezo, na mtu aliyepigwa gizani hutafuta aliyempiga. Mwambie tu kwa upole, "Koko, pengine pana mkono wa mtu kweli. Mkono uliopaswa kumshika, na haukuwepo."

Na wewe mwenyewe, siku utakapomwona mwenzako shuleni, aliyekuwa wa kwanza, anaanza kushuka, usiwe wa kwanza kusema. Uwe wa kwanza kumfuata jioni na kumwuliza anakwenda wapi. Kama ni mvivu, utamwambia. Kama amechoka, utaleta jiwe akae.

Nasi tuliobaki huku tujiulize Jumapili hii, kila mtu kwa jirani yake wa benchi: ni nani kati yetu ambaye mikono yake imeanza kushuka, na sisi tumesimama bondeni tunahesabu makosa ya Yoshua?

Bwana atupe Upendo wa kumwona mwenzetu, Amri ya kutuzuia midomo, na Kazi ya mikono miwili iliyo tayari kushika. Amina.